Rangi Isiyochuja

Slaidi yangu ya kwanza chuoni ilikuwa nzuri kuliko zote darasani, na nilijua hivyo. Zambarau ilikuwa imekolea ukingo hadi ukingo, inang'aa kama kitambaa cha harusi. Wenzangu walishika vioo vyenye mabaka, vingine vimeoshwa mpaka vikabaki kama vilivyotoka kwenye boksi. Mwalimu akainama kwenye hadubini yangu, akazungusha skrubu ndogo ya kulenga, akainuka.

“Umepaka nyumba rangi,” akasema. “Haya, nionyeshe anayeishi humo.”

Darasa likacheka, nami nikanuna siku nzima. Kosa lenyewe lilikuwa dogo: nilipomwagia spiriti nikaona rangi inaanza kutiririka, niliingiwa na huruma. Nikaiwahi kwa maji. Niliona ni hasara kutia rangi kwa uangalifu wote ule halafu kuimwaga kwenye sinki.

Aibu zaidi ni kwamba somo hilo nilikwisha lipata utotoni bila kulipa ada. Bibi mzaa mama, upande wa Pangani, alikuwa msukaji wa mikeka. Ukindu aliuanika mpaka ukawa mweupe, kisha akauchemsha kwenye sufuria lililochakaa pamoja na rangi ya unga aliyoipima kwa kijiko. Ukindu una ngozi ngumu yenye utelezi kama wa nta. Ukiuchovya kwenye rangi baridi unatoka kama ulivyoingia. Sharti uchemke. Kanga mpya nayo hakuivaa kabla ya kuilaza usiku kucha kwenye maji ya chumvi. Asubuhi alichukua pembe moja yenye unyevu, akaisugua juu ya kitambaa cheupe. Ikiacha alama alisema, “Hii inachuja,” na mwenye duka akatajwa kwa maneno nisiyoweza kuyaandika hapa.

Inachuja, haichuji. Katika miaka yangu yote ya maabara sijapata maneno mawili yanayoeleza vizuri zaidi kazi ya kutia bakteria rangi.

Bakteria asiye na rangi ni kama kipande cha nailoni kwenye beseni la maji: yupo, lakini mwanga unampita. Na ni mdogo mno. Yule wa kifua kikuu ana urefu wa maikromita 2 hadi 4, kwa hiyo wanahitajika kati ya 250 na 500, kichwa kwa mkia, kujaza milimita moja. Hadubini humkuza mara 1,000, lakini kukuza kitu kisichoonekana ni kupata kitu kikubwa kisichoonekana. Ndiyo maana elimu ya bakteria ilikaa ikisubiri watu wa viwanda vya nguo. Mwaka 1856, mjini London, William Henry Perkin, kijana wa miaka 18, alikuwa akihangaika kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kutokana na mazao ya lami ya makaa ya mawe. Kwinini hakuipata. Alipata tope jeusi ambalo kwenye spiriti lilitoa zambarau ya kupendeza, akaacha chuo akaenda kuuza rangi. Nyuma yake zikafuata rangi nyingine za jamii hiyo, fuksini, vayoleti, methilini bluu, na baada ya miaka thelathini hivi madaktari wa Kijerumani walikuwa wakizimwagia kila kitu kilichokatwa kutoka maiti.

Mmoja wa waliofanya kazi pamoja nao Berlin alikuwa Mdenmaki, Hans Christian Gram. Mwaka 1884 alikuwa anashughulika na mapafu ya watu waliokufa kwa nimonia, katika chumba cha maiti cha Carl Friedländer. Alitaka jambo jepesi tu: nyama ya pafu ipoteze rangi, bakteria wabaki nayo, ili waonekane. Akatia vayoleti, akafuatisha ayodini, akaosha kwa spiriti. Ilifanya kazi, ila baadhi ya bakteria nao waliachia rangi wakapotea pamoja na nyama. Kwake hilo lilikuwa upungufu. Katika maandishi yake alikiri kwamba njia hiyo bado ina kasoro, akatumaini itawafaa wengine. Hata ile rangi nyekundu tunayomalizia siku hizi ili tuwaone walioachia haikuwa yake. Iliongezwa na waliokuja baadaye.

Kasoro ile ndiyo tunayoitumia leo duniani kote kila siku. Bakteria wenye ukuta mnene wa peptidoglikani wakikutana na spiriti hukauka, matundu ya ukuta yakabana, na vayoleti iliyoshikana na ayodini ikafungiwa ndani. Hao ni Gram chanya, zambarau. Wenye ukuta mwembamba uliofunikwa na utando wa mafuta huyeyushiwa utando huo na spiriti, rangi ikamwagika. Ukiwapa nyekundu mwishoni wanatoka waridi, nao ni Gram hasi. Ayodini hapo ndiyo chumvi ya bibi. Haileti rangi yoyote. Inaishikisha iliyokwisha ingia.

Shida ni kwamba mpaka kati ya makundi haya mawili uko mikononi mwako, na ni wa sekunde. Ukizidisha spiriti, hata mwenye ukuta mnene atachuja. Bakteria waliozeeka kwenye chakula chao hivyo hivyo: ukuta umechoka, wanatoka waridi huku ukoo wao ni wa zambarau. Usiku mmoja nikiwa mwanafunzi niliandaa slaidi ya maji ya uti wa mgongo wa mtoto mwenye degedege. Niliona waridi, wawili wawili, na wodini daktari alikuwa anasubiri. Meningokoki ni waridi, hukaa wawili wawili kama punje mbili za buni zilizotazamana, mara nyingi ndani ya seli za usaha. Nyumokoki nao hukaa wawili wawili, wamechongoka ncha kama mkuki, ila wao ni zambarau, maana ni Gram chanya. Niliowaona walikuwa waridi, na walikuwa wamechongoka.

Fundi wa zamu, mzee aliyebakiza miezi kustaafu, hakubishana nami. Alitwaa kijiti cha meno, akakwangua ufizi wake, akapaka ukoga ule pembeni mwa slaidi mpya na maji ya mtoto katikati. “Kinywani mwangu wamo wa kila kabila,” akasema. “Ukiona wangu wote wamekuwa waridi, ujue umeua rangi, si kwamba meno yangu yameongoka.” Tukarudia. Safari hii spiriti alimwaga yeye, tone kwa tone, jicho lake likifuata mchirizi; uliposafika tu akazima kwa maji. Kwenye ukoga kulikuwa na zambarau na waridi, kama alivyosema. Na katikati, wale mapacha waliochongoka walikuwa zambarau iliyoiva.

Niliwahi kuamini kwamba kipimo cha udhibiti ni urasimu wa wakaguzi. Tangu usiku ule sijaweka slaidi ya Gram bila kitu ninachokijua pembeni yake.

Kuna rangi nyingine ambazo tulifundishwa kwa ajili ya mtihani na ambazo nilizipenda bila sababu ya kazi. Ile ya mbegu za bakteria, kwa mfano, waliyoipanga Schaeffer na Fulton mwaka 1933: unachemshia kijani cha malakaiti juu ya kioo, unaosha kwa maji matupu, unamalizia na nyekundu. Mwili wa bakteria unaachia kijani kwa maji tu, mbegu iliyo ndani yake haiachii. Bakteria wa pepopunda anatokea kama kijiti cha kupigia ngoma, mpini mwekundu na kichwa cha kijani. Mbegu ile ile inayokataa kuachia rangi ndiyo inayokaa miaka kwenye udongo ikisubiri mguu uliochomwa na msumari. Rangi ya mikia ya bakteria ni kisirani kitupu: mkia ni mwembamba kuliko hadubini inavyoweza kuona, kwa hiyo inabidi kuunenepesha kwanza kwa kuupakapaka dawa juu ya dawa, na katika slaidi kumi za darasa letu ilifaulu moja.

Lakini koti la bakteria, ule ute wanaojivika baadhi yao, halikubali rangi kwa urahisi. Hapo tunapaka giza. Tone la wino mweusi pamoja na tone la maji ya uti wa mgongo, na ndani ya weusi ule yanajitokeza maduara meupe ambayo wino haukuweza kuingia. Njia hii tuliitumia zaidi kwa kriptokoki, ambaye si bakteria bali ni fangasi, katika miaka ambayo wagonjwa wa UKIMWI waliletwa wodini wakishika vichwa kwa maumivu. Nakumbuka mara ya kwanza nilipoyaona yale maduara, kila moja na kiini chake, nilivyoita watu waje kutazama. Mwalimu alikuja, akatazama, akanikumbusha kwa sauti ya chini kwamba yule ni mtu wa kitanda cha tatu.

Kazini nilipelekwa kituo cha afya ambacho sitakitaja, na huko Gram ilikuwa ya nadra. Kazi ilikuwa makohozi.

Robert Koch alitangaza Berlin, tarehe 24 Machi 1882, kwamba amemwona bakteria wa kifua kikuu, na siku hiyo ndiyo tunayoiadhimisha hadi leo. (Ndiye Koch aliyekuja huku kwetu enzi za Wajerumani, na mwaka 1905 akawa anachunguza papasi na homa wanayoileta.) Kabla yake bakteria huyu alijificha kwa sababu anakataa rangi: ukuta wake una nta. Koch alimloweka kwenye methilini bluu saa 24. Paul Ehrlich akaboresha njia mwaka huo huo, na inasimuliwa kwamba moto ulimsaidia kwa bahati, slaidi alizoziacha zikauke juu ya jiko zilipopata joto. Franz Ziehl akaleta fenoli, Friedrich Neelsen akaleta fuksini, na majina yao mawili yakabaki kwenye chupa zetu. Nilipoisoma historia hiyo nilimwona bibi na sufuria lake. Kitu chenye nta hakinywi rangi baridi.

Unaimwagia slaidi kaboli fuksini mpaka utando wote ufunikwe, kisha unapitisha moto chini yake: pamba iliyofungwa kwenye waya na kuchovywa kwenye spiriti. Mvuke ukianza kupanda unaondoa moto. Ikichemka umeharibu, ikikauka umeharibu zaidi, maana rangi itaganda kuwa vijiti vyekundu ambavyo mgeni atavisoma kama ugonjwa. Dakika 5. Maji. Kisha asidi ya asilimia 3 ndani ya spiriti, dakika 3, na hapa kila kitu kinaachia: seli za mgonjwa, bakteria wa kinywani, mabaki ya ugali. Yule mwenye nta hachuji. Nta iliyomzuia kuingiwa na rangi sasa inamzuia kutokwa nayo. (Ndugu yake wa ukoma ana nta dhaifu zaidi, kwa hiyo kwake asidi hupunguzwa hadi asilimia 1.) Methilini bluu dakika 1, maji, na slaidi inasimamishwa kichanjani ikauke. Chini ya lenzi ya mafuta anaonekana kama uzi mwekundu uliodondoka juu ya shuka la buluu.

Kama yupo kwenye fildi uliyotazama. Fildi ni lile duara la mwanga unaloliona kwa mara moja, na kwenye hadubini yetu upana wake ulikuwa sehemu ya tano ya milimita. Utando una urefu wa sentimita 2 na upana wa 1. Piga hesabu: hata fildi 100 hazifikii asilimia 2 ya utando. Na ili uwe na matumaini ya kumwona, mililita moja ya makohozi sharti iwe na bakteria 5,000 hadi 10,000. Kwa hiyo mwongozo unataka fildi 100 kabla ya kusema hakuna. Ukiona 1 hadi 9 katika fildi 100, unaandika idadi yenyewe. 10 hadi 99 ni 1+. Kuanzia hapo unahesabu kwa kila fildi, 2+ na 3+.

Mwenye 3+ anakukuta kabla hujakaa vizuri kitini. Wa kutafutwa ni yule mwenye wachache.

Mwisho wa mwezi mmoja mwenzangu alikuwa likizo, umeme ulikuwa unakatika, na nilikuwa na slaidi zaidi ya arobaini, karibu mara mbili ya zile mtu mmoja anazopaswa kusoma kwa siku. Katika hizo zilikuwamo mbili za mama muuza vitumbua wa pale stendi. Nilimfahamu, nilikuwa nanunua kwake kila asubuhi. Sikuruka hatua yoyote ya rangi. Moto, asidi, bluu, vyote vilikwenda kwa saa. Kwenye kusoma ndipo nilipojiibia. Fildi thelathini hivi kwa kila slaidi, jicho linauma, nikaandika “hasi”. Alipewa dawa za kikohozi cha kawaida akaenda.

Chuoni mwalimu alitukataza neno hilo. Alitaka tuandike “hawakuonekana katika fildi 100”, kwa sababu kutoonekana ni habari yako wewe na hadubini yako, na kutokuwapo ni habari ya mgonjwa. Tulidhani ni madoido ya lugha. Kwenye daftari nafasi ni ndogo, “hasi” ina herufi nne.

Baada ya wiki saba mama alirudi, mabega yameanguka ndani ya kanga, 2+. Nilijiambia ugonjwa umepanda kati ya siku ile na leo, maana unaweza kupanda, na nililala vizuri tu. Mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, ulioanza mwaka 1977 kwa mchango mkubwa wa Karel Styblo, ulijengwa juu ya hadubini za wilayani, na ndio uliokuja kuwa mfano ambao Shirika la Afya Duniani lilieneza kwa jina la DOTS. Hadubini hizo hukaguliwa: slaidi hazitupwi, zinawekwa kwenye boksi, na msimamizi huja kuchukua baadhi yake zikasomwe na mtu mwingine asiyejua wewe ulisema nini. Robo ile karatasi ya majibu ilirudi na mstari mmoja uliozungushiwa kalamu. Namba fulani. Wewe: hasi. Sisi: 6 katika fildi 100.

Nilifungua daftari, nikafuata namba kwa kidole. Kisha nikaenda kwenye boksi nikaitoa slaidi yake ya pili, ile ambayo msimamizi hakuichukua, nikaweka tone la mafuta, nikaanza kutoka ukingoni. Wa kwanza nilimkuta kwenye fildi ya 41. Alikuwa peke yake, mwekundu, amepinda kidogo, amekolea kama nilivyomtia rangi mwenyewe.

Alipokuja kwa kipimo cha mwezi wa pili wa dawa nilimpa kiti.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Mbona huji tena kwa vitumbua?”

Sikuwa nimepanga namna ya kusema. Nikasema slaidi yake ya mwanzo ilikuwa nao, wachache, na kwamba niliyeisoma ni mimi. Akanitazama kitambo. Mjukuu wake wa miaka mitatu alikuwa mgongoni kwa mama yake pale mlangoni, naye sasa alikuwa kwenye dawa.

“Kumbe vilijificha?” akauliza.

“Havikujificha, mama. Mimi niliacha kutafuta.”

Akafunga kanga yake upya kiunoni, akapokea kopo la makohozi. “Haya. Leo tafuta,” akasema, akatoka nje kwenda kukohoa kwenye hewa, kama tunavyowaelekeza.

Tangu hapo nahesabu kwa punje za mahindi. Punje 100 kwenye kifuniko cha kioo upande wa kushoto. Kila fildi moja, punje moja inahamia kulia. Kwenye droo kuna kihesabio cha kubofya, lakini kidole kilichochoka kinaweza kubofya bila jicho kutazama. Punje lazima uishike. Zimebadilika rangi sasa, nyingine zambarau, nyingine nyekundu ya fuksini, na wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo hunicheka wakidhani sisikii.

Siku hizi wagonjwa wapya wanapimwa kwa mashine ya GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipitisha mwishoni mwa 2010. Inatoa jibu ndani ya saa mbili na kukuambia kama dawa ya rifampisini itafanya kazi. Sina ugomvi nayo. Ingemwona mama yule mapema, na ningeinunulia soda. Lakini inasoma vinasaba, na vinasaba vya bakteria aliyekufa bado vinasomeka, kwa hiyo mgonjwa aliye katikati ya dawa bado analetwa kwenye hadubini.

Juzi mwanafunzi mmoja, msichana mwepesi wa mikono, alisoma slaidi ya namna hiyo. Rangi aliitia vizuri, asidi hakuihurumia. Akainua kichwa, akanyoosha mgongo, akachukua kalamu.

“Hasi,” akasema.

Sikujibu. Nilikitazama tu kifuniko cha kushoto, ambacho kilikuwa bado na punje kama arobaini. Akakitazama naye. Akaweka kalamu chini, akavuta kiti, akachukua punje moja.